Mkasi Butu wa Bi Kazija

Hapo zamani, tena si zamani ya kumsumbua babu kwa maswali, palikuwa na mji ndani ya goti la kulia la Bi Siwema, muuza mchicha. Msinitolee macho. Mji ulikuwapo, ukiitwa Gotini, na wenyeji wake hawakujua kama juu yao kuna mwanamke. Akitembea, wao walisema ni tetemeko. Akikaa kitako, walisema leo mambo shwari.

Mjini humo walikuwapo watatu wenye kazi kubwa. Wa kwanza ni Pandu, mlinzi wa lango, ambaye macho yake hayafumbi na mdomo wake haufungiki. Wa pili ni Mbaruku, mwenye tanuri, mtu wa jasho na maneno machache. Wa tatu ni Bi Kazija, mkata nyuzi. Wenye elimu wangemwita protini, wakambandika herufi na namba kama gari la serikali. Sisi tumwite Bi Kazija, maana ndivyo alivyopenda mwenyewe.

Desturi ya Gotini ilikuwa hivi. Adui akiingia, Pandu humfunga tarishi uzi mwekundu mkononi na kumtuma tanurini. Mbaruku haulizi adui ni nani wala wako wangapi. Anatazama mkono wa tarishi tu. Uzi mmoja, ukuni mmoja. Nyuzi kumi, kuni kumi. Moto ukawaka, maji ya moto yakajaa mjini, adui akaungua, na wenyeji wakavumilia uvimbe na uwekundu mpaka yaishe.

Na moto huo huo ndio uliokuwa ukimwamsha Bi Kazija. Siku za raha yeye alilala fofofo. Joto likimfika nyayoni huinuka, hujifunga kanga kiunoni, na kuanza kuwakata matarishi nyuzi zao. Tarishi asiye na uzi hana kazi, huenda zake kulala. Nyuzi zikiisha, moto unazimika, naye hurudi kitandani.

Sasa sikilizeni siri yake. Kila mkata nyuzi huzaliwa na mikasi miwili: wa mkono wa kulia hutoka kukeni, kwa mama, wa mkono wa kushoto hutoka kuumeni, kwa baba. Mkasi wa kukeni wa Bi Kazija ulikata hata unywele. Wa kuumeni ulikuwa butu kabisa, ukiushika uzi kazi yake kuupaka kutu. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na hakumwambia mtu. Angesemaje? Gotini mtu hausemi vibaya upande wa baba yake mbele za watu. Basi kila alipokuwa kazini aliuchezesha ule wa kushoto kwa madaha, kwacha, kwacha, na watu wakamsifu kwamba mama huyu anakata kwa mikono miwili.

Kwa mikwaruzo midogo, mkasi mmoja ulitosha. Sifa zikamnogea.

Siku moja Bi Siwema alipiga goti kupalilia tuta lake la mchicha, na mwiba ukamwingia, tena mwiba wenye tope. Wageni wachafu wakamiminika langoni Gotini kama waalikwa walionusa pilau. Pandu akapiga kelele. Akafunga nyuzi kumi, akafunga mia, akafunga mpaka bunda likaisha akafungua jingine. Mbaruku akatupa kuni. Jioni hiyo hiyo wageni wote walikuwa majivu, na mji mzima ukamshangilia Pandu, ukamshangilia na Mbaruku.

Ikabaki kazi ya Bi Kazija. Akakata kulia, akakwachua kushoto. Tarishi wa kulia akaenda kulala, tarishi wa kushoto akakimbia tanurini na uzi wake. Uzi mmoja, ukuni mmoja. Moto ukaendelea kuwaka na adui hayupo.

Moshi ukapanda mpaka langoni. Pandu, aliyezoea kupiga kelele kabla hajatazama, akauona moshi, akasema hao wamerudi. Akafunga nyuzi nyingine. Mbaruku akaziona, akatupa kuni nyingine. Moshi ukazidi. Pandu akafunga tena. Mbaruku akatupa tena. Katikati yao Bi Kazija alikuwa akikimbia huku na huku, kulia kata, kushoto kwacha, kulia kata, kushoto kwacha.

Siku ya tatu Mbaruku alimwita pembeni, akamuuliza kwa adabu kama kuna tatizo, amletee msaidizi au jiwe la kunolea. Bi Kazija aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Tatizo liko wapi, Bwana Mbaruku?" akasema. "Bado kidogo tu. Kesho namaliza."

Akasema kesho siku ya nne, akasema kesho siku ya tano. Huko juu Bi Siwema alikuwa akichechemea na kujipaka mafuta ya mkaratusi, akisema ni jicho la jirani, kama ndugu zake walivyosema baba yake alipokuwa akichechemea vivyo hivyo.

Siku ya sita moto ukafika kwenye gegedu. Hilo ndilo godoro la Gotini, linalotenganisha mwamba wa juu na mwamba wa chini. Likiisha, miamba inasagana na watu wote wamo katikati. Bi Kazija akaona pembe ya godoro inafuka moshi, na watoto wamelala juu yake. Akautupa mkasi wa kushoto hadharani, akaanza kukata kwa wa kulia na kung'ata kwa meno. Aling'ata nyuzi mpaka fizi zikatoka damu. Alfajiri ya siku ya saba uzi wa mwisho ukaanguka na moto ukazimika. Nusu ya godoro ilikuwa imeungua, nalo gegedu halioti upya kama nywele.

Wenyeji wakakutana, hasira zimewajaa. Wakakubaliana mmoja kati ya wale watatu atolewe mjini asirudi tena. Na njia ya kutokea Gotini, niwaambieni bila kuficha, inapita kwenye figo na kuishia chooni. Hakuna aliyetaka safari hiyo.

Pandu akasimama kwanza. "Nisingepiga kelele, tope lingewala nyote," akasema. "Kweli niliuogopa moshi. Lakini mlinzi anayengoja kuhakikisha, huhakikisha akiwa maiti. Mimi siku ile nilifunga nyuzi. Kuzikata si kazi yangu."

Mbaruku akafuata. "Mlinipa amri moja, uzi mmoja, ukuni mmoja. Siku nikianza kutumia akili zangu, mtanifukuza kwa kuleta akili. Tena mimi niliuliza. Niliambiwa kesho."

Watu wakamgeukia Bi Kazija. Alisimama midomo imevimba, akauokota mkasi butu, akauinua wauone.

"Huu nimezaliwa nao," akasema. "Sikuuchagua. Nilinyamaza kwa ajili ya heshima ya baba yangu, na kwa ajili ya sifa zenu, nisiwadanganye. Lakini aliyeuzima moto ni nani? Na mkinitoa mimi, mkata nyuzi atakayekuja atatoka kukeni kule kule na kuumeni kule kule. Atakuja na mkasi huu huu mkononi."

Wote mkutanoni walijua anasema kweli.

Ndipo mama mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa kwenye ile nusu iliyoungua, akasema bila kupandisha sauti, "Huenda. Ila huyo wa kuja labda atatuambia siku ya kwanza."

Bi Kazija alilia.

Basi nyie mnaocheka hapo nyuma, njooni mbele mnisaidie. Yupo aliyeogopa moshi wake mwenyewe. Yupo aliyetii mpaka akaunguza. Yupo aliyeficha mpaka mji ukakaribia kuteketea, kisha akaokoa kwa meno yake. Mlango uko wazi na mmoja lazima atoke. Je, nani alistahili kutolewa?