Jangwa la Mama Mkawasi

Hapo zamani, na zamani yenyewe haijaenda mbali, maana simu zilikuwa tayari mifukoni mwa watu, kulikuwa na mama mmoja wa milima ya Taita aliyeitwa Mkawasi. Sogeeni mnisikie vizuri. Mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mama Mkawasi alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, kwenye ukungu. Ukungu uliingia asubuhi bila hodi, ukashinda naye, ukalala naye. Mumewe, aliyekuwa fundi wa reli, alipofariki aliacha koti zito la sufu. Mama akalifua baada ya matanga, akalianika. Koti halikukauka. Likikauka mgongo, mikono inaloa. Ikikauka mikono, mgongo unaloa. Akalianika barazani, akalianika darini, akalianika juu ya ng'ombe. Wapi! Na kulikausha jikoni hakutaka, kwa sababu marehemu alichukia harufu ya moshi.

Siku moja, akiwa buchani, akaona picha kwenye kalenda. Hoteli katikati ya jangwa la Chalbi, huko kaskazini, na mbele yake shuka jeupe kwenye kamba, limekauka mpaka limesimama lenyewe. Mama Mkawasi akaitazama ile picha hadi muuza nyama akamuuliza kama anaumwa.

Akawaita watoto wake. Nasema watoto, lakini walikuwa watu wazima. Mkubwa, Mwandawiro, alikuwa mwalimu mkuu huko Thika. Wa pili, Mghoi, alikuwa muuguzi Mombasa. Wa mwisho, Mwakio, alikuwa fundi wa friji Nakuru.

Mama akawaambia, "Magoti yangu yamechoka na mlima huu. Nitahama, nikaishi na mmoja wenu. Lakini kwanza nataka kwenda jangwani, nikae hotelini kama watu, nikaushe koti la baba yenu. Atakayenipa jangwa, kwake ndiko nitakakohamia."

"Mama, joto si liko hapo Voi?" Mwakio akauliza. "Mwendo wa kuteremka tu."

"Voi naenda kununua sukari," mama akasema. "Sitaki mahali pa kununulia sukari. Nataka jangwa."

Sasa jueni kwamba wote watatu walimtaka mama yao, na walimtaka kwa dhati. Mwandawiro alitawala shule nzima lakini nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia akae chini ale. Mghoi alikuwa akitoka zamu anaingia katika nyumba kimya. Mwakio, na ndevu zake zote, bado alikuwa akimpigia mama simu asubuhi kumuuliza kama avae sweta.

Mwandawiro akashika mipango. Akachagua hoteli, akapiga simu, akaazima gari kubwa la shemeji yake. Akachagua mwezi wa nne, kwa kuwa shule zimefungwa.

"Kaka, mwezi wa nne ni masika," Mghoi akasema.

"Masika ni ya huku. Jangwani hakuna mvua. Ndiyo maana likaitwa jangwa."

Halafu akaanzisha mazoezi. Akaleta lori la mchanga, ukamwagwa uani, na mama akatakiwa autembee huku na huku akiwa na mwavuli. Akamwamuru Mwakio apige magoti awe ngamia, ili mama azoee kupanda. Mwakio akapiga magoti. Mama akapanda.

"Kaka, mgongo wangu," Mwakio akalia.

"Ngamia hasemi!" Mwandawiro akafoka.

Majirani wakasimama kwenye ua wakitazama ukungu ukipita juu ya mwalimu mkuu, mchanga, na mama mzee aliyempanda mwanawe. Hakuna aliyeuliza kitu. Waliona ni mambo ya watu waliosoma.

Mghoi yeye hakutaka jangwa. Alitaka wamlete mama kwake, wakae ufukweni, wanywe madafu, koti likaushwe na upepo wa bahari. Alipoona hasikilizwi, alinyamaza. Na mtu anayenyamaza, mwangalieni. Aliichukua simu, akafanya jambo, akairudisha mfukoni. Mtalisikia.

Mwakio hakupanga chochote. Alikuwa ngamia tu, kisha akala.

Siku ya safari mama akatoka na beseni kichwani, ndani yake lile koti, bichi vilevile. Wakapita Nairobi, wakapita Isiolo, wakalala njiani, wakaendelea. Walipokaribia Marsabit, mvua ikaanza. Madereva wa malori waliokuwa wanarudi wakapunga mikono. "Geuzeni! Huko mbele ni maji!"

Mghoi akasema, "Tugeuze." Mwakio akasema, "Tugeuze, tena chapati zimekwisha." Chapati zilikuwa zimeishia kwake. Lakini Mwandawiro akaushika usukani kwa nguvu. "Mama yangu alisema jangwa. Simpeleki karibu na jangwa. Nampeleka jangwani." Akaendesha. Magari mengine yakageuka, lake likaendelea.

Basi wakafika Chalbi. Gari likazama kwenye tope, hoteli ikionekana kule mbele. Mama akashusha kioo. Mbele yake, maji. Kulia, maji. Kushoto, maji, na ndege wakiogelea.

"Hii ni nini?" mama akauliza.

"Ni jangwa, Mama," Mwandawiro akajibu kwa sauti ndogo.

"Mbona lina mawimbi?"

Ukungu mwembamba ulikuwa ukitambaa juu ya maji. Mama akautambua. Akasema, "Mmenizungusha nchi nzima mkanirudisha Taita." Kisha akafunika uso kwa leso, na mabega yake yakawa yanatikisika. Watoto wote watatu wakaona afadhali angewatukana.

Mghoi ndiye aliyeteremka. Akakunja sketi, akapiga magoti topeni, akasema, "Panda, Mama." Yeye hakufanyishwa mazoezi na mtu yeyote. Akambeba mama mgongoni, mama akiwa na beseni kichwani, koti ndani ya beseni, na mwavuli juu ya vyote. Maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani. Akateleza, akasimama. Akateleza tena, akasimama tena, na beseni halikuanguka. Kaka yake akamfuata na masanduku, mdogo wake akamfuata na viatu vya kila mtu. Akamtua mama kwenye ngazi za hoteli, halafu akakaa chini akashindwa kuinuka.

Ndani ya hoteli, ngamia walikuwa wameingizwa kwenye ukumbi wa chakula wasife na baridi, na wageni walikuwa wakila wamesimama. Aliyewapokea alikuwa mwokaji mikate, mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, jina lake Galgalo, kwa sababu meneja alikuwa nje akifukuzia magodoro yanayoelea.

"Tulishika vyumba," Mwandawiro akasema. "Kwa jina la Mkawasi."

"Ah! Mkawasi," Galgalo akasema. "Poleni sana. Mlipiga simu kwamba hamji. Dada mmoja alisema mama amepatwa na homa. Vyumba tukawapa wengine."

Watu wote wakamgeukia Mghoi. Mghoi akatazama ngamia.

"Wewe!" Mwandawiro akasema. "Nyumba nzima ifanye mazoezi, wewe ufute safari!"

"Na wewe ulituleta kwenye ziwa!"

Mama alikuwa amesimama kati yao, anatetemeka, maji yanamchuruzika. Galgalo akasema, "Jamani, gombaneni, lakini mama asimame pakavu. Pakavu ni mahali pamoja tu. Njooni."

Akawapeleka nyuma, kwenye chumba cha kuokea mikate. Kulikuwa na tanuri kubwa la udongo. Moto wake ulikolezwa kutoka nje, kwa hiyo ndani hamkuwa na moshi, joto tu. Unga wa mikate ya jioni ulikuwa umeumuka kwenye sinia, unangoja zamu yake.

Hapo ndipo Mwakio alipoamka. Fundi wa friji huyo, maisha yake yote kazi yake ni kulitoa joto mahali lisipotakiwa. Akatazama tanuri, akatazama dari, akatazama dirisha. Akamwambia Galgalo, "Mzee, utuazime tanuri."

"Na mikate ya wageni?"

"Mzee, mtazame mama."

Galgalo akamtazama mama. Akaondoa sinia la unga, akaliweka pembeni.

Mwakio akaziba dirisha la chini, akafungua tundu la juu, joto likaanza kuzunguka. Kulikuwa na mapipa ya mchanga mkavu wa kuzimia moto. Akaumwaga wote sakafuni. Akatundika sinia la shaba mbele ya mdomo wa tanuri, mwanga wa moto ukapiga pale, chumba kizima kikawaka rangi ya machungwa. Akafunga kamba ukutani hadi ukutani, akaanika koti. Akaweka kiti katikati.

"Mama, vua soksi," akasema. "Karibu jangwani."

Mama akavua soksi. Akakanyaga mchanga, ukawa wa moto. Akakaa. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na hakulifuta, aliliacha lishuke. Ngamia mmoja, aliyechoshwa na ukumbi, akaingiza kichwa mlangoni akakiacha hapo. Mama akamsalimu. Koti likaanza kutoa mvuke, kwanza mwingi, halafu mdogo, halafu likaacha.

"Limekauka," mama akasema, na hakuamini. "Limekauka mgongo na mikono."

Mwakio akafurahi, akaanza kucheza. Akacheza kwa kuzunguka, akaigonga kamba, na mkono mmoja wa koti ukaingia kwenye mdomo wa tanuri. Alipouvuta, ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko.

Hata ngamia akarudisha kichwa nyuma.

Mama akalichukua koti. Akalinusa. Akalinusa tena, akalifumbata kifuani. "Linanukia mkate," akasema. "Baba yenu alipenda mkate." Akacheka, na katika kucheka akalia, na watoto wakakaa mchangani kuzunguka miguu yake, hakuna aliyemlaumu mwenzake hadi wakapitiwa na usingizi.

Asubuhi jua likatoka. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, na upande wa mashariki jangwa lenyewe lilikuwa limejitandaza, jeupe, pana, linameremeta. Wakamwita mama. Mama akasimama mlangoni, akakinga macho, akatazama kidogo.

"Ni zuri," akasema. "Lakini hilo ni la wageni. Langu ni hili." Akarudi kwenye kiti chake mbele ya tanuri.

Gari likavutwa kutoka topeni. Wakati wa kupakia mizigo, Mwandawiro akauliza lile lililokuwa vichwani mwao wote. "Mama, utahamia kwa nani?"

"Nilisema aliyenipa jangwa. Haya, niambieni ni nani."

Mwandawiro akasema, "Ni mimi. Nilipanga, niliendesha, na wote walipotaka kugeuza, nilikataa. Bila mimi mngekuwa Taita mnabishana. Mghoi alifuta safari, Mwakio alichoma koti."

Mghoi akasema, "Ni mimi. Gari la kaka lilikwama. Aliyemfikisha mama ni mgongo huu. Na nisingefuta vyumba, mama angelala kwenye chumba kinachovuja, asilione hilo tanuri. Kaka alituleta kwenye mafuriko, Mwakio alichoma koti."

Mwakio akasema, "Ni mimi. Nyinyi mlimleta mama kwenye maji. Jangwa nililitengeneza mimi, kwa mikono hii, na yeye mwenyewe kasema ndilo lake. Koti nililichoma, sikatai. Lakini kabla sijalichoma nililikausha."

Mama akawa anatikisa kichwa, huyu ana haki, huyu ana haki, na huyu naye. Akapanda garini. Mlango haujafungwa, Galgalo akaja, amevaa aproni yenye unga, amevua kofia.

"Mama Mwandawiro," akasema. "Mimi si mwanao, wala sikuahidiwa kitu. Lakini nimesikia. Tanuri ni langu. Mchanga ni wangu. Tangu nianze kuoka hapa, wageni hawajawahi kukosa mkate. Jana walikosa, kwa ajili yako, na asubuhi hii meneja amenisema mbele ya watu. Chumba changu kimepakana na tanuri. Ukuta wake haupoi."

"Hapana!" watoto wakasema, na ilikuwa mara ya kwanza katika safari hiyo wote watatu kusema neno moja.

Mama hakusema hapana. Hakusema ndiyo. Alilikumbatia koti, mguu mmoja ndani ya gari, mguu mwingine nje kwenye mchanga, akamtazama Galgalo, akawatazama wanawe.

Mimi nilimwacha hapo, na hadi leo sijapata jibu. Sasa msitazame chini, ni zamu yenu. Mwandawiro aliyekataa kugeuza, Mghoi aliyembeba, Mwakio aliyewasha jua chumbani, au mzee aliyewanyima wageni mkate: kati ya hawa, nani alimpa mama jangwa? Mguu ule wa nje, je, aurudishe garini, na kama ataurudisha, aende kwa nani?