Kifaru Afunga Chuo

Sogeeni, wanangu, mnisikilize. Wanyama walipokuwa wakisoma vyuoni kama watu, Kifaru alikuwa mkuu wa chuo kimoja kando ya mto. Ng'ambo kulikuwa na chuo kingine, na mkuu wake alikuwa Kiboko.

Kifaru alimwonea Kiboko wivu hata chakula hakikumshuka. Akisikia ng'ambo wamejenga ukumbi, naye hujenga wake, mkubwa zaidi. Ili ukumbi wa safari hii uezekwe, akapandisha ada: gunia moja la mtama likawa matatu.

Wanafunzi wakagoma, wakaketi langoni. Digidigi alikuwa amebakiza muhula mmoja awe mganga, na mama yake alikwisha kuuza shamba. Alilia tu. Nguchiro, mdogo kuliko wote, akatumwa kwa mkuu.

"Shikamoo, Profesa. Tunaomba utusikilize."

"Marahaba. Kelele zenu nimezisikia, zinatosha. Chuo nimekifunga. Atakayerudi aje na magunia matatu na barua ya kuomba radhi."

"Sawa, Profesa. Basi tuonyeshe kivuko chenye maji machache. Tutavuka wote."

"Wote? Kwani kwenu nyote ni ng'ambo?"

"Hatutakosa pa kukaa, Profesa."

Kifaru akabaki dirishani akiwatazama wamejitwika mikeka na vitabu, wanaimba, wanashuka mtoni. Moyo ukaanza kumchoma. Mbona hawanung'uniki? Nani amewaita? Akamwona Kiboko akilini mwake, ameketi ukumbini, anawapokea mmoja mmoja huku akicheka.

Akatoka mbio, tifu tifu tifu. Akawakuta maji yamewafika magotini.

"Kiboko anawatoza magunia mangapi?" akauliza, akihema.

"Hayo muulize mwenyewe, Profesa," Nguchiro akajibu kwa adabu. "Sisi watoto si vizuri kupeleka maneno baina ya wakubwa."

Jibu hilo likamkata maini Kifaru. "Rudini. Gunia moja, kama zamani. Na barua siitaki."

"Walio mbele hawajasikia, Profesa."

Kifaru akarudia kwa sauti, mbele ya walimu waliokuwa wamemfuata, na karani akaandika papo hapo. Wa kwanza kugeuka alikuwa Digidigi.

Jioni Kifaru alishuka kunywa maji. Kiboko akaibuka, bwaa.

"Ndugu yangu, umeniponza. Wangu wamesikia umeshusha ada, nao wamegoma. Mimi nilikuwa nimefikisha magunia manne."

"Kwani hukuwaita wanafunzi wangu?"

"Niwaweke wapi? Hata wangu wananishinda."

Kifaru hakunywa hata funda moja. Aibu ilimshika, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba Kiboko alifika manne, naye alikomea matatu.

Basi jueni, wanangu: mwenye wivu humsikia jirani ambaye hakusema kitu, na hamsikii anayelia mlangoni kwake.