Tope la Kiruma

Mlima wa mbali ni wa macho, mlima wako ni wa maji. Ndivyo alivyowajibu yule mama aliyetuonyesha njia asubuhi, mlipomlalamikia kwamba wenzenu wa shule nyingine wamepelekwa Kilimanjaro na ninyi mmeletwa Kiruma, mlima ambao hata kwenye ramani ya darasani haumo. Mlicheka kidogo, kisha njia nzima mkawa mnaniuliza neno hilo limetoka wapi. Sikuwajibu kwa sababu pumzi yangu ya miaka sabini na miwili ilikuwa na kazi nyingine. Sasa tumefika kileleni. Kaeni juu ya mawe, msikae kwenye majani. Neno lenyewe lilizaliwa hapa hapa, na lilizaliwa hivi.

Kijiji cha Ngwasi, kile mnachokiona chini penye mabati yanayong'aa, siku zile kiliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo mababu zetu Wapare walilichimba ubavuni mwa mlima. Usiku maji ya kijito hujikusanya humo. Alfajiri mlango wake unafunguliwa, na kila ukoo unapata zamu yake ya kumwagilia mahindi, maharage na migomba. Ndiva ilikuwa na mzee wake, na mzee huyo ndiye aliyetunza baragumu, pembe ndefu ya tandala iliyong'aa kwa kushikwashikwa. Sheria ya baragumu ilikuwa fupi. Likilia, kila mwenye mikono anachukua jembe na kuifuata sauti mpaka ilikotoka, na maswali anauliza akishafika. Huo ndio uliokuwa mwito wa msaragambo, kazi ya wote. Na aliyelipuliza bila sababu, ukoo wake ulinyimwa maji ya ndiva, yeye na watoto wake na wajukuu wake.

Sasa, watu wa Ngwasi walikuwa na imani moja iliyowakaa kichwani kama kofia. Asubuhi isiyo na mawingu walitoka nje na kuuona Mlima Kilimanjaro ng'ambo ya tambarare, mkubwa, mweupe juu, wakaamini kwamba maji ya kijito chao yanatoka kule. Walisema theluji ile huyeyuka, ikapita chini ya ardhi kama damu mshipani, ikaibukia kwao. Ukimwuliza mtu nani alimwambia hivyo, alikushangaa. Ingewezaje kutokuwa kweli, na mlima wenyewe ule pale?

Kijana mmoja, Sekiete, alikuwa amefika kule. Alikuwa mpagazi wa wageni, akabeba mizigo yao mpaka juu mara mbili, akarudi na koti zito la sufu lililomfika magotini pamoja na hadithi zisizokwisha. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Ila akiingia mahali, wazee walimsogezea kigoda. Harusini alikaa karibu kabisa na mtungi wa dengelua, pombe ya miwa. Akianza kusema "sisi tuliofika juu", hata mbuzi waliacha kutafuna.

Na kulikuwa na binti aliyeitwa Nakiete. Yeye alipanda vilima. Kila kilele kilichoonekana kutoka uani kwa mama yake alikipanda, akaacha jiwe moja juu yake, akashuka. Vilele kumi na saba. Shangazi zake walimwonya kwamba hakuna mwanamume anayeoa mbuzi wa majabalini. Siku moja Sekiete alimkuta akirudi kutoka Kiruma, tope limemfika magotini, akamwuliza mbele ya watu kama huko nako kuna theluji. Watu wakacheka wakashika mbavu. Ulikuwa mwezi wa tisa, kiangazi kikali, kila jani limejaa vumbi, na katika watu wote wale waliocheka, hakuna aliyeuliza tope lile limetoka wapi.

Ikapita miaka mitatu. Mwaka wa tatu masika yalikuwa makali mno, ardhi ikalowa mpaka ikalegea. Kila mtu alitarajia ndiva itafurika. Badala yake, mvua zilipokwisha, kijito kikaanza kukonda. Mwezi wa sita kilikuwa uzi. Mwezi wa nane ndiva ilikuwa tope lililopasukapasuka kama kisigino cha mkulima.

Wazee wakafanya walichoona ni akili. Wakamtuma Sekiete Kilimanjaro akaitazame theluji. Alikaa siku tisa, akarudi na uso mrefu, akasema theluji imepungua, mlima mkubwa umefumba mkono wake, na mwanadamu hawezi kuufumbua. Basi wakakata shauri. Baada ya siku tatu, Ngwasi yote ingeshuka tambarare, wakaombe kazi kwenye shamba la mkonge na kujenga pembezoni mwake. Mtu mwenye shamba lake angekwenda kukata majani ya mkonge ya mtu mwingine.

Nakiete alikuwa amempoteza mama yake mwaka uliotangulia. Alikuwa ameachiwa shamba dogo, na kaburi la mama lilikuwa mwisho wa shamba hilo, kati ya migomba. Kuhama kwake kulimaanisha kuiacha migomba ikauke juu ya kaburi. Alisimama kikaoni akasema kwamba juu ya Kiruma kuna maji, ameyakanyaga kwa miguu yake, na kwamba kabla ya kuhama watu waende wakaangalie. Sekiete alimjibu kwa upole ule unaouma kuliko tusi.

"Dada yangu," alisema, "mlima ambao kivuli chake hakifiki hata sokoni utatunza maji ya kijiji kizima?"

Kikao kikacheka na kufungwa.

Kesho yake jioni Nakiete alimwendea Mzee Shekania, mzee wa ndiva. Alimkuta amekaa kwenye ukingo wa ndiva kavu, baragumu mapajani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kunisaidia kulia?"

"Nimekuja kuomba baragumu. Nipande nalo Kiruma. Nikikuta maji, nipulize."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeombwa jino lake.

"Mwanamke hajawahi kulipuliza."

"Na ndiva haijawahi kukauka, babu."

"Unaijua sheria. Ukipuliza bure, ukoo wenu haupati tena zamu ya maji."

"Zamu ya maji gani?"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Kisha kicheko kikamkatikia, akawa anaitazama miguu ya yule binti, magoti yake hasa, kama aliyekumbuka kitu alichokiweka mahali akakisahau.

"Mwaka ule uliporudi umechafuka," alisema, "lile tope lilikuwa la wapi?"

"La kileleni. Kuna bwawa la majani kule juu. Nilizama mpaka hapa. Nilidhani nyote mnajua."

"Nilikuwepo siku ile. Nilicheka na wengine." Alilipangusa baragumu kwa kanga ya marehemu mkewe aliyokuwa akilifungia, akamkabidhi. "Chukua. Baragumu la ndiva iliyokauka ni pembe ya mnyama tu."

Alfajiri Nakiete akapanda. Nanyi mmeiona njia tuliyoipita leo, na leo ina ngazi za mawe. Siku zile haikuwepo. Palikuwa na miiba, mizizi na utelezi, na mahali pengine ilibidi apande kwa mikono kama anayepanda dari. Alipotokeza hapa juu, alikuta bwawa la majani limejaa pomoni. Maji yalikuwepo tele, lakini ubavu unaotazama Ngwasi ulikuwa umeporomoka wakati wa masika. Udongo mwekundu, mawe, na mti mmoja mkubwa ulioanguka na mizizi yake vilikuwa vimeziba kabisa mdomo wa kijito. Maji yalikuwa yamejitafutia mlango upande wa pili, yakawa yanamwagika kwenye genge ambako hakuishi mtu, hailimwi hata mboga.

Akaweka baragumu mdomoni. Mara ya kwanza likatoa mate. Mara ya pili likatoa sauti ya mbuzi mwenye kikohozi. Mara ya tatu akamkumbuka mama yake, akajaza kifua, na baragumu likalia.

Chini, watu walikuwa wanafunga mikeka. Wakainua vichwa. Sauti ilikuwa ileile ya msaragambo, lakini ilitoka mahali ambapo baragumu halijawahi kulilia. Sekiete akasema labda mzee amechanganyikiwa. Hajamaliza, Mzee Shekania akapita mbele yake, mikono haina baragumu, jembe begani, na umri wake wa miaka themanini, akashika uelekeo wa Kiruma bila kumsemesha mtu. Basi tena. Mwenye jembe akachukua jembe, mwenye shoka akachukua shoka, wakamfuata. Bibi vikongwe tu ndio waliobaki kulinda nyumba.

Sekiete naye akaenda, na koti lake. Yule aliyefika Kilimanjaro mara tatu, Kiruma ilimtoa ulimi. Kule alizoea njia iliyokanyagwa na maelfu ya miguu, na hapa kila hatua ilikuwa ya kujitafutia. Miiba ikalikamata koti nyuma, akalivuta, likachanika, mwishowe akaliacha likining'inia kama ngozi ya mtu. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akampita, akageuka, akamwuliza kwa adabu zote kama angependa abebewe mzigo.

Walipofika, walimkuta Nakiete amesimama katikati ya bwawa, maji magotini. Watu wakayatazama maji yale, wakatazama poromoko la udongo, wakatazama genge lililokuwa likimeza uhai wao tone kwa tone tangu masika. Mzee Shekania akapiga jembe la kwanza.

Walichimba mpaka jua likapita utosi. Udongo uliondoka, mawe yakaondoka, lakini mti ule haukutikisika. Wakausukuma kila mmoja kivyake na kwa kelele zake. Hapo ndipo Sekiete alipojitokeza. Akawapanga safu mbili, warefu na warefu, wafupi na wafupi, akawafundisha kuweka bega chini ya mzigo na kuvuta pumzi pamoja, kama wanavyofanya wapagazi. Akaimba wimbo wa wapagazi, wao wakaitikia, na kwenye kiitikio cha nne mti ukaguna. Kwenye cha tano ukabingirika.

Maji yakasimama kidogo, kana kwamba yanajiuliza. Kisha yakageuka. Yakapita kati ya miguu yao, mekundu, yenye povu na majani, yakaingia kwenye mkondo wao wa zamani, yakaporomoka kuelekea Ngwasi. Kila mtu akayasikiliza yakienda, mpaka sauti ikapotea msituni.

Wakangoja. Hakuna aliyekaa. Na baada ya muda ambao Nakiete alisema ulikuwa mrefu kuliko mwaka mzima wa msiba, ikapanda sauti kutoka bondeni, nyembamba kwanza, kisha ikazidi. Vilikuwa vigelegele. Wale bibi vikongwe waliobaki nyumbani walikuwa wameyaona maji yakiingia ndivani, wakawa wanalijibu baragumu.

Hapo juu ya Kiruma watu wazima walilia kama watoto, wakapakana tope, wakamwinua Nakiete juu ya mabega yaleyale yaliyoubingirisha mti. Shangazi zake wote watatu walidai wao ndio waliomfundisha kupanda.

Ilikuwa desturi kwamba msaragambo ukiisha, mtu mmoja anaufunga kwa neno. Kwa mazoea, macho yakamgeukia Sekiete. Alikuwa amesimama hana koti, amechafuka mpaka magotini. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na Kilimanjaro ikaonekana kule ng'ambo, nzuri kama siku zote. Akaielekezea kidole.

"Kila siku mnaniuliza niliona nini kule," alisema. "Niliona ukubwa. Tone letu hata moja sikuliona, na niliona aibu kuwaambia hivyo. Mlima wa mbali ni wa macho, mlima wako ni wa maji. Dada Nakiete, kivuli cha mlima huu kimefika sokoni."

Nakiete alimpa Mzee Shekania baragumu lake. Mzee akaiweka mikono nyuma, akasema jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa na pembe, kwa kuwa yeye kwa miaka arobaini hajawahi kulifanya lilie vile. Ndivyo Ngwasi ilivyopata mwanamke wa kwanza kuitunza ndiva. Aliitunza mpaka akazeeka. Nakiete alikuwa mama yangu, na mimi nimejifunza kutembea juu ya ukingo wa ndiva ile. Mnataka kuuliza kama aliolewa na Sekiete; naona kwenye nyuso zenu. Hapana. Aliolewa na mchonga vigoda wa kijiji cha pili. Alisema habari za theluji alikwisha kuzisikia za kumtosha.

Na tangu mwaka ule, kila kiangazi, Ngwasi nzima hupanda Kiruma kuusafisha mdomo wa kijito, na kila mtu huja na jiwe lake moja, kama alivyokuwa akifanya yeye. Hayo ndiyo mawe mliyoyakalia. Kila moja lina mtu wake.

Kilimanjaro mtakwenda, Mungu akipenda, na mkifika msifumbe macho, maana ni mzuri. Lakini sasa simameni. Chukueni chupa zenu, mnazoziona tupu, mkazijaze pale majani yanapofunguka. Kisha muinue vichwa mlitazame lile jabali jeupe kule mbali huku mnakunywa, na mtajua mama yule wa asubuhi aliwaambia nini. Mlima wa mbali ni wa macho. Mlima wako ni wa maji.