Mgwisho wa Zimwi

Nipeni masikio yenu, jamani, wala msiyadai mpaka nimalize.

Mbeyu alikuwa mateka wa zimwi. Siku zimwi lilipokufa, aliuchukua mgwisho wake wa mkia wa nyati, uliojaa uchawi, akarudi kwao huru. Akaupunga, ikaja nyumba ya ghorofa. Akaupunga tena, wakaja watumishi. Akaupunga mara ya tatu, kijiji kizima kikampigia magoti. Lakini hakutulia. Alikaa akainuka, akalala akaamka, akazunguka vyumbani akitafuta cha kuamrisha.

Asubuhi moja mdogo wake, Kadzo, alichelewa kumletea maji.

"Nitakutafuna!" Mbeyu akanguruma.

Kadzo akarudi nyuma. "Dada, hiyo si sauti yako. Na hayo meno!"

Mbeyu akajishika mdomo. Meno yalikuwa yamechongoka. Akatamani kuupunga mgwisho ili yarudi kama zamani, lakini alijua kwamba akianza hataacha. Akakimbilia jikoni. Akautupa motoni.

Meno yakarudi kama zamani, nyumba ikayeyuka, watumishi wakatoweka, wanakijiji wakainuka wakijipangusa magoti. Mbeyu akajilaza pale pale mchangani, kichwa mapajani mwa Kadzo, akakoroma.

Naiachia hapo, nisije nikamwamsha.