Fisi na Wimbo wa Asiyekula

Ngano, ngano!
— Ije na chumvi yake!
Chumvi kiasi gani?
— Mwaga tu!

Palikuwa na Fisi, mwimbaji mkongwe. Meno yamegeuka manjano, sauti inakwaruza, suti ya madoa ni ile ile. Kila harusi aliimba wimbo mmoja wa mapenzi, ambao marehemu Njiwa aliuimba zamani mpaka mawe yakalia. Fisi aliuimba upya, kwa madaha yake:

"Sili, mpenzi, sili, uuuui!
Tangu uende, tonge halipiti, uuuui!"

Sasa, desturi ya nchi ile: mwimbaji hula kwanza, wageni baadaye. Fisi akimaliza kuimba kwamba hali, huyoo jikoni. Nyamu! Sufuria ya kwanza. Nyamu! Ya pili. Nyamu! Na ukoko. Nani amkataze? Taya zake huvunja mfupa wa nyati. Kwa Swala wageni walirudi na njaa. Kwa Ngiri wageni walirudi na njaa, na wakwe wakaondoka na bwana harusi wao.

Ikafika harusi ya binti wa pekee wa Bi Sange, yule mnyama mdogo kama panya, pua ndefu. Fisi alipokuwa akijikohoza, Bi Sange akawanong'oneza wageni:

"Nusu mkae mbele, nusu mpite jikoni mkale. Akimaliza, walio mbele waseme, 'Rudia!' Kisha mbadilishane."

"Akikataa kurudia?" akauliza Pimbi, baba wa bwana harusi.

"Mkwe wangu, ulishamwona mwimbaji wa kukataa hilo?"

Fisi akaimba. "Sili, mpenzi, sili, uuuui!"

"Rudia, Gwiji, rudia!"

"Basi kwa kuwa mmenilazimisha," akasema Fisi, ambaye hakuna aliyemlazimisha. Akarudia. Huku jikoni: kwaru-kwaru, kwaru-kwaru.

"Bi Sange, nini hiyo kwaru-kwaru?"

"Kayamba, Gwiji. Wanakusindikiza."

"Wako vizuri. Waambie wakaze!"

Wakakaza. Kwaru-kwaru! Rudia! Uuuui! Kwaru-kwaru! Rudia! Uuu... Mara ya saba ikatoka fff tu. Fisi akajikokota hadi jikoni. Sufuria zinang'aa, unaweza kujitazama.

"Chakula changu kiko wapi?"

"Chakula?" Bi Sange akashika kifua. "Gwiji, umetuambia mara saba kwamba huli. Tena kwa machozi! Mimi nani nikubishie?"

"Nitakutafuna wewe na pua yako!" Fisi akafungua taya, hizo zinakuja...

Pimbi akapaza sauti kule nje: "Rudia!"

Taya zikasimama. Fisi akamtazama Bi Sange. Akatazama mlango. Akameza mate, akanyoosha suti.

"Nisubiri hapa," akasema. "Mashabiki wananiita."

Fundisho: wasanii wakongwe tuwaheshimu. Wakiimba, msiinuke kwenda kula.

Ngano yangu imekauka sufuriani. Mwenye kutaka ukoko, na akwangue.