Kiwanja Kimoja Juu ya Mwamba

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii haijawahi kumlaza mtu. Na msinitazame mimi kwa jibu. Nimeisimulia mahali pengi, na kila mara nimeondoka nikiwaacha watu wanagombana.

Katika kijiji cha Itebe, shule ilijengwa ubavuni mwa mlima. Juu yake migomba, chini yake uwanja wa mpira, na pembeni nyumba za watu. Darasa la saba lilikuwa la Mwalimu Mwasomola, mtu mkavu asiyecheka ovyo, na mwenye tabia moja iliyowakera wazazi: hakuwapa watoto majibu. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," aliwaambia, "na jibu la kuazima ni hivyo hivyo."

Aliwagawa katika vikundi vya watu wannewanne. Katika kila kikundi mmoja alitazama, mmoja alipima, mmoja alipinga, na mmoja alisema mbele za watu. Kazi ya kupinga ilipigiwa kura, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mpingaji alitakiwa akatae kila walichokubaliana wenzake, hata kama moyoni anakikubali, mpaka wamshinde kwa ushahidi.

"Tafuteni jambo moja hapa shuleni ambalo hakuna anayeweza kulieleza," Mwalimu aliwaambia. "Mlieleze ninyi. Mna wiki mbili."

Kikundi cha nne walikuwa Lugano, Ambokile, Tumpe na Subilaga.

Lugano alikuwa mtazamaji. Ukikosa kifungo kimoja cha shati, yeye ndiye angekiona. Aliona kwamba milango ya shule imeanza kukwaruza sakafu, yote, ndani ya mwezi mmoja.

"Fundi aliyeitengeneza alikuwa mlevi," Subilaga alisema, wakacheka.

Kesho yake Lugano alikuja na chupa ya maji ya chemchemi. Yalikuwa tope tupu, na mvua haikuwa imenyesha kwa siku nane. Kisha akawapeleka nyuma ya vyoo akawaonyesha ufa ardhini, mrefu kutoka migomba hadi ukuta wa jiko. Walimu na wazazi walikuwa wakiuruka ufa huo kila siku bila kuinamisha macho.

Ambokile alikuwa mpimaji. Alipigilia vigingi viwili, kimoja huku na kimoja kule kwenye ufa, akafunga kamba, na kila asubuhi alipima kwa rula kabla hajaweka hata mfuko wake darasani. Siku ya kwanza, sentimita kumi na mbili. Siku ya tatu, kumi na tatu. Siku ya tano, kumi na tano na nusu.

"Ufa unatembea," alisema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ilikuwa Jumatano. Wote walitaka kukimbia kugonga kengele. Ndipo Tumpe, msichana mpole ambaye siku zote akiulizwa swali hujibu akitazama viatu vyake, akasema, "Napinga."

"Tumpe, huu si mchezo!"

"Mwalimu ameniambia nipinge, basi napinga. Kengele ya hatari ikigongwa, shule nzima hukimbilia uwanja wa mpira. Ndivyo tulivyozoeshwa. Ninyi mmepima nyuma ya vyoo. Uwanja kaupima nani?"

Hakuna aliyeupima. Walimkasirikia, Ambokile akafikia kutupa rula. Lakini kanuni ni kanuni. Wakapigilia vigingi uwanjani, na vingine upande wa mashariki kwenye mwamba, wakangoja siku mbili. Kwenye mwamba kamba haikusogea hata unywele. Uwanjani kamba ilikatika.

Subilaga alikuwa msemaji. Ijumaa asubuhi aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, aliyekuwa akipanga karatasi za mtihani.

"Shikamoo, Mwalimu. Mlima unashuka."

"Marahaba. Nenda darasani."

"Nitakwenda. Ila naomba kwanza ufunge mlango wako."

Mwalimu mkuu alikunja uso, akainuka, akausukuma. Ukagoma katikati. Akaweka bega. Mlango huo alikuwa akiufunga kwa kidole kwa miaka tisa. Alisimama akautazama, na uso wake ukabadilika.

"Tuwapeleke wapi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa.

"Kwenye mwamba, Mwalimu. Si uwanjani."

Watoto mia mbili na sita walipelekwa kwenye mwamba. Mama Bupe, mpishi, alifika nao, kisha akakumbuka moto chini ya sufuria ya uji. "Narudi sasa hivi," alisema. Kabla ya saa nne mlima ulishuka. Ulizoa vyoo, ukazoa madarasa, ukaufukia uwanja kiasi kwamba hata magoli hayakuonekana. Mama Bupe walimpata siku ya tatu.

Hapo ungedhani nimemaliza. Bado.

Iliyoshuka ni nusu ya mlima. Nusu nyingine ipo palepale, na ina ufa wake. Waliokuwa na ndugu ng'ambo ya bonde wamehamia kwao. Familia nne hazina ndugu ng'ambo, nazo zinalala chini ya nusu hiyo iliyobaki. Ni familia za Lugano, Ambokile, Tumpe na Subilaga. Wakubwa wameahidi kuwahamisha mvua kubwa zikiisha, na mvua kubwa hazijaanza.

Mzee Mwankenja, mwenye wajukuu watatu katika wale mia mbili na sita, ana kiwanja juu ya mwamba. Kinaingia nyumba moja, na nyumba yenyewe ndogo.

"Nampa aliyewaokoa wajukuu zangu," alisema. "Mmoja. Nikisema wanne, nyumba tatu zitakuwa zinaning'inia korongoni. Ijumaa nataka jina."

Wazee walimwomba Mwalimu Mwasomola achague. Alikataa. Aliwaita wale wanne chini ya turubai alikokuwa akifundishia, akawaambia, "Mnajua namna ya kufanya kazi pamoja. Amueni." Wako wanaouita huo uamuzi hekima. Mimi nauita ukatili, kuwatwisha watoto wa miaka kumi na tatu mzigo ambao watu wazima wameukwepa.

Lugano alianza, polepole. "Nisingeona, mngepima nini? Na mama yangu ana mtoto wa wiki tatu."

"Mlango mbovu hauhamishi shule," Ambokile alijibu. "Bila namba zangu ingebaki hadithi ya chupa ya maji machafu."

"Namba zako zilikuwa daftarini," Subilaga alisema. "Mwalimu mkuu hakulifungua hilo daftari. Mimi ndiye niliyemfanya awatoe watoto."

Tumpe alikuwa akitazama viatu vyake. "Bila mimi mngetupeleka uwanjani."

"Na bila siku zako mbili," Subilaga akamgeukia, "Mama Bupe angekuwa anatupikia uji leo."

Tumpe alilia. Kisha akasema, huku machozi yakimtiririka, "Mngegonga kengele Jumatano, tungesimama uwanjani, kisingetokea kitu, tungerudi darasani tunachekwa. Ijumaa nani angewasikiliza?"

Hilo hakuna ajuaye. Labda shule ingefungwa na wote wangekuwa hai. Labda wote wangekuwa chini ya tope.

Alhamisi jioni mvua ikaanza, ile ya matone mazito isiyo na haraka. Asubuhi Mzee Mwankenja alifika turubaini, maji yakimchuruzika kofiani, akauliza, "Haya, nani?"

Nami nawauliza ninyi mliokaa hapa mmeshiba. Kiwanja ungempa nani: aliyeona, aliyepima, aliyepinga, au aliyesema? Wewe pale nyuma, nakuona unataka kusema wagawane. Nimekwambia, kinaingia nyumba moja.

Basi taja jina. Na ukishalitaja, simama uende kwa wale watatu, uwaambie warudi nyumbani wakalale.