Mlango Uliotangulia Motoni

Haya niliambiwa na shangazi yangu Nakunda, mwaka ule nilipoacha shule nikiwa darasa la nne, tukipukuchua maharage. Leo baba yenu amesema, "Usichome usichokikwangua," juu ya ile stuli mliyoitupa kwenye kuni, nanyi mkaniuliza nani alianza kusema hivyo. Kaeni, basi. Chanzo ni kabati.

Kule Usangi, milimani Upare, palikuwa na mama mzee akiitwa Nakiete. Macho yalikuwa yamefifia na nyonga zimekaza. Alilala chini, mkekani, na kila asubuhi binti yake Namsifu alimwinua kama anayenyanyua gunia. Miezi ya baridi ilikuwa karibu, na baridi ya kule hupanda kutoka sakafuni. Fundi Kirumbi alikubali kumtengenezea kitanda kirefu cha kwenda juu, lakini mvua ilikuwa imebomoa barabara, mbao hazipandi, na kukata msituni kumekatazwa. Namsifu akawa anahofu kwamba asubuhi moja mama hatainuka.

Jirani yao, Bi Naetwe, alikuwa anaoza binti. Desturi yao, harusi ikikaribia, vyombo vya mbao vinapakwa rangi mpya ili wageni waone nyumba imeamka. Kabati la Bi Naetwe lilipakwa harusi baada ya harusi, hata hakuna aliyekumbuka ni la mti gani. Miguu ilipolegea akaliita banda la kuku, akaagiza livunjwe liwe kuni za kupikia makande ya wageni.

Siku tatu kabla ya harusi, Nakiete alikuwa ameketi mlangoni akiota jua. Akainua pua.

"Namsifu, nani anapikia kuni za mkulo?"

Namsifu akamwambia ni kabati bovu la jirani tu.

"Bovu ni miguu. Baba yako alipasua mbao za mkulo miaka ishirini, na harufu hii niliifua mimi kwenye mashati yake. Kimbia."

Akakimbia. Mlango mmoja ulikuwa umeshashika moto, wa pili uko mkononi mwa Bi Naetwe. Namsifu akamwomba asiutie, mbao zile zingemfaa mama kwa kitanda.

"Mdogo wangu, umekosa kuni mpaka unazifuata jikoni kwangu?"

Wanawake wakacheka. Namsifu akaokota kipande cha chupa, akaanza kukwangua. Kijani kikatoka, ikaja buluu, kisha nyeupe. Hapo Bi Naetwe akamshika mkono.

"Hiyo nyeupe ni ya harusi yangu," akasema taratibu. "Mama aliipaka mwenyewe."

Wakakwangua pole pole, wawili. Chini ya nyeupe ukatokea mti wa rangi ya asali, mzima kabisa, hata tundu la mdudu halikuwepo. Bi Naetwe akautazama ule mlango uliokwisha kuwa makaa.

"Lichukue," akasema. "Ila kuni uniletee, wageni hawatakula mahindi mabichi."

Namsifu akampelekea mizigo mitatu. Fundi Kirumbi akang'oa misumari mmoja mmoja, akainyoosha juu ya jiwe, akaziba matundu kwa vijiti. Ubavuni akaacha ukanda mwembamba wa ile rangi nyeupe, kwa ombi la Bi Naetwe. Lakini mbao za kichwani hazikutosha, likabaki pengo la upana wa kiganja. Namsifu akasikitika. Nakiete akalipapasa, akasema, "Liacheni. Mkiulizwa, semeni: usichome usichokikwangua."

Harusi ilipokwisha, Bi Naetwe alileta bakuli la makande yaliyobaki. Nakiete alikuwa ameketi kitandani, miguu inagusa sakafu. Akasimama kulipokea. Hakuna aliyemwinua.

Walikula pamoja. Bi Naetwe akagusa ukanda mweupe, kisha pengo, akajisemea tu, "Usichome usichokikwangua," akaenda kwake kujinyoosha. Namsifu, ambaye siku zote hakulala ila sikio moja liko wazi kumsikiliza mama, akalala mkekani alasiri ile yote masikio yamefungwa. Nakiete ndiye aliyekuwa wa mwisho kulala, vidole vyake vikiwa pale penye pengo.